Kikoyi cha Sponji

Fundi alikuwa na mkono mwepesi wa kupiga. Naanza na hilo kwa sababu watu wa Bwera wanaomkumbuka siku hizi wanamsifu kama mtakatifu, na mtakatifu hakuwa. Siku ya kwanza nilipoingia dukani kwake alinizaba kofi kabla hajajua hata jina langu, kisa nilivuta tumbo ndani aliponizungushia kamba kiunoni. "Achia," akasema. "Mimi nashona nguo ya mutu, sishone ya uongo." Nikaachia. Baadaye nilikuja kujua kwamba Bwera nzima hakuna aliyeshona uongo mwingi kuliko yeye.

Alikuwa mnene. Unene wake ulijulikana mpaka Karambi. Nyonga zilijaa kiti, mgongo mpana, na alipopita sokoni katika gomesi yake ya kijani, lile gauni refu la kufunga mshipi, wachuuzi walinyamaza kwanza ndipo wakaanza tena kuita wateja. Wanaume waliwatolea wake zao mfano wake. "Mwone Fundi," mume wangu alikuwa akiniambia. "Yule ndiye mwanamke. Mtu akimwona anajua nyumba ile kuna chakula." Kumbe Fundi alikuwa akiishi peke yake, na nyumba yake ilikuwa na sufuria moja.

Ngoja niseme nami nilikuwa nani. Baba yangu alikuwa mwanajeshi, mimi nimelelewa kambini Kasese mjini, katikati ya watoto wa makabila yote, na Kiswahili ndiyo lugha niliyolilia nayo. Mwili wangu ni wa mama yangu, mifupa mirefu na nyama kidogo, hata nile nini. Nikaolewa Bwera na mtu aliyewahi kuwa jeshini, akatoka kwa sababu ambazo hakuzisema, akapata kazi ya kulinda ghala la kahawa. Uniformu ilishakwisha, lakini bado alitaka aitwe afande, hata na mimi, hata mezani. Tulikuwa na binti mmoja, Masika, wakati huo bado ananyonya.

Afande alikuwa na mkanda wa jeshi, mpana, wa matundu ya chuma. Kila mwisho wa mwezi, asubuhi, kabla ya kwenda zamu, ananiambia nisimame mlangoni kwenye mwanga. Ananizungushia ule mkanda kiunoni juu ya nguo na kutazama umefika tundu gani. Ukifika tundu la mbali, yaani nimeongezeka, anautoa na kuuvaa, anakunywa chai, anakwenda. Ukirudi nyuma, hauvai. "Unanitukanisha," alikuwa akisema huku ananipiga, na sauti haipandi hata kidogo. "Watu wanasema simlishi mke wangu. Wanasema una silimu. Simama." Silimu ndilo jina ambalo watu wazima wa kwetu wameupa ule ugonjwa wa Ukimwi tangu zamani, kwa hiyo mwanamke mwembamba Bwera alikuwa na kesi mbili mgongoni, ya njaa na ya kaburi.

Kwa nini nilikwenda kwa Fundi? Kushonewa gomesi ya harusi ya shemeji. Hakuna zaidi.

Fundi hakutumia futi yenye namba. Alitumia kamba ya katani, kila mteja yake, na kwenye kamba alifunga mafundo matatu, la kifua, la kiuno, la nyonga. Kamba zilining'inia kwenye misumari nyuma ya mlango. Yeye peke yake ndiye aliyejua ipi ni ya nani. Ukimuuliza sababu atakuambia namba zinasomeka na waume za watu. Zamani kidogo, kabla sijafika, mwanamume mmoja aliingia akafunua daftari lake, akasoma kiuno cha mkewe cha mwaka ule na cha mwaka uliotangulia, akatoka bila kuaga. Mkewe alipoteza meno mawili. Fundi alilichoma lile daftari kwenye pasi ya makaa na tangu siku hiyo akaanza mafundo.

Ukutani alikuwa amebandika karatasi moja. Binti mmoja wa afya kutoka Kampala alipita akiuliza watu maswali, naye Fundi aliing'ang'ania karatasi yake mpaka akaachiwa. Ilikuwa na wanawake tisa waliochorwa kwa mstari, wa kwanza mwembamba kabisa, wa tisa mnene kabisa, wote hawana sura. Kila aliyeingia dukani aliulizwa achague. Nilikaa pale siku nyingi za soko, nimeyaona. Wanaume hawakufikiri hata kidogo, vidole vyao vilikwenda kwa wa saba na wa nane. Wanawake walisitasita, wakachagua wa nne, wale wasichana wenye simu za kugusa wakachagua wa tatu. Kisha Fundi anawauliza wanawake, "Na bwana yako anataka nani?" Hapo ndipo walipokosea karibu wote. Wasichana walisema anataka wa tatu. Wake wakubwa walisema wa tisa.

"Banaume beko na haraka," Fundi alisema mara moja, anapiga pedeli ya cherehani. "Wanachagua mbio kwa sababu hawa wa karatasi hawana sura. Ungewachora na macho, wangeogopa."

"Na wewe Fundi, uko wapi hapo?" nikamuuliza.

"Mimi siko kwa hiyo karatasi," akasema, akanirushia kitambaa nikipindishe pindo. Nilidhani ni majivuno ya mtu mnene.

Kulikuwa na mwalimu wa kike, kijana, mchumba wake anafanya kazi Kasese. Alikuja akitaka gauni libanwe, libanwe tena. Alikuwa anakula mananasi tu, ameona kwenye simu jinsi wasichana wa miji mingine wanavyoonekana. Siku ya kujitambulisha, shangazi za mchumba walimtazama juu mpaka chini, mmoja akasema kwa sauti, "Huyu tumemletea mwanetu jeneza." Ndoa ikafa hapo hapo. Mwalimu akaja dukani analia, anataka Fundi alifumue lile gauni. Fundi alichukua rula ya mbao akamchapa nayo mikononi, mara tatu, kwa nguvu, mbele yetu. Kisha akampakulia ugali wa muhogo na maharage akamsimamia mpaka akamaliza. Nilimchukia Fundi siku ile. Mtu ametoka kutukanwa na ukoo mzima, wewe unamchapa. Lakini mwalimu aliendelea kuja, na kila akija alikuta sahani.

Wanaume pia hawakusalimika. Mchinja nyama wa pale chini alileta kitenge cha mkewe, akasema gauni lishonwe pana sana, mke atajaza, yeye mwenyewe atahakikisha. Alisema "nitahakikisha" akicheka na wenzake nje. Fundi alimmwagia maji ya kupigia pasi usoni, beseni zima. Mchinja nyama hakumgusa. Nafikiri ule mwili ulimtisha, ulikuwa mkubwa kuliko wake.

Sasa nirudi siku ya kupimwa kwangu. Baada ya kofi niliachia tumbo, na kamba ikazunguka, na Fundi akafika mgongoni akasimama. Blauzi yangu ilikuwa imepanda. Matundu ya mkanda huacha alama za duara, zinapangana. Hakusema pole. Alipitisha kidole juu yake moja baada ya nyingine, nami nikamweleza habari ya mkanda na mwisho wa mwezi.

"Anakupima na hii hii?" akauliza.

"Ndiyo."

"Anapima juu ya nguo au chini?"

"Juu ya nguo."

Akafikiri, ndipo akaniuliza naitwa nani, nikamwambia. "Mama Masika, keti."

Gomesi bila kikoyi inalala. Wanawake wa kwetu hufunga kitambaa kizito kiunoni chini yake, ndicho kikoyi, ili nyonga zijae. Fundi alinishonea kikoyi cha aina nyingine. Alikata sponji ya godoro kuukuu, akaishona katikati ya vitambaa viwili, kikazunguka kiuno na nyonga, kina vifungo vya ndani. Kilichonishangaza ni mgongo. Nyuma alikipandisha mpaka kwenye mabega na mbavuni, na huko ndiko alikoweka sponji nene kuliko mahali pote.

"Mkanda haupimi mabega," nikamwambia.

"Vaa tu," akasema.

Nikavaa. Usiku nilikivua taa ikishazimwa, naye gizani hakuwahi kunipima. Mwisho wa mwezi mkanda ulikwenda tundu la mbali. Mwezi wa pili ukaenda mbele zaidi, Fundi aliongeza kidogo kidogo kwa akili. Afande alifurahi. Alinunua kuku. Alinipitisha mbele ya ghala ili wabeba magunia wanione. Na hata alipopiga, maana aliendelea kupiga kwa mambo mengine, chumvi, Masika kulia, uso wangu kutompendeza, fimbo ilikuja butu. Niliimba jikoni wakati ule, naona haya kusema. Nilidhani nimepona.

Kosa tulilolifanya lilikuwa la kahawa. Bwera kila kitu cha thamani kinapanda mizani, kahawa inapanda, mbuzi anapanda, na sisi wawili na akili zetu zote hatukukumbuka kwamba sponji haina uzito. Asubuhi moja wabeba magunia walikuwa wakitaniana nani ana mke mzito, na Afande akatuma niitwe. Alinisimamisha kwenye mizani ya magunia mbele ya wanaume kumi hivi. Mpimaji akasukuma lile jiwe la mizani, akalirudisha, akalirudisha tena. Kisha akasoma. Nilikuwa na uzito ule ule wa siku aliponioa. Mtu mmoja akacheka, "Afande, umeoa pamba."

Alinipigia pale pale, kati ya magunia. Kwa mara ya kwanza alinipiga ngumi, na ngumi ilipozama kwenye nyonga bila kukuta mfupa akaelewa. Alinichania gauni. Wabeba magunia waligeuza nyuso, wengine hawakugeuza. Akakitoa kile kikoyi mwilini mwangu, akanishika nywele, akanivuta barabarani na shimizi tu mpaka kwa Fundi, kikoyi mkono mmoja na mimi mkono wa pili. Ilikuwa siku ya soko. Watu walitupisha njia.

"Ni wewe ulishona hii?" akamuuliza Fundi.

"Ni mimi."

"Umenifanya mjinga."

"Hapana, Afande. Nilikukuta hivyo."

Akaufungua mkanda. Hakumpiga yeye kwanza, alinigeukia mimi, nafikiri alitaka Fundi atazame. Nilianguka chini ya meza ya kukatia. Namkumbuka Fundi akiinua pasi kutoka kwenye kigae chake, polepole, kama mtu anayeendelea na kazi yake, makaa yamekolea. Aliushika mkono wa Afande uliokuwa na mkanda, akaubana juu ya meza kwa tumbo lake lote, akaweka pasi juu ya kiganja. Akaiacha hapo. Harufu ilijaa duka. Afande alipiga ukelele ambao sijausikia tena kwa mtu mzima. Alipofaulu kuuchomoa mkono, ngozi ilibaki.

Nikamwambia Fundi akimbie. Hakukimbia. Alinifunga kitenge, akarudi kuketi kwenye cherehani, akamaliza pindo alilokuwa amelianza.

Mchana walirudi watatu, Afande amefungwa mkono na wenzake wawili wa ulinzi wenye rungu. Walimpiga Fundi mbele ya soko zima. Walimpiga mgongoni, mbavuni, nyongani, kwa zamu, mpaka wakachoka, naye amepiga magoti anawatazama tu, hatoi sauti. Watu walishangaa. Mama mmoja karibu yangu alisema, "Ule mwili unakula fimbo." Hapo Afande akaona fimbo hazimfikii. Aliviweka vidole vya Fundi vya mkono wa kulia kwenye chuma cha cherehani na kuvikanyaga kwa buti. Hapo Fundi alilia. Kisha wakaivunja cherehani kwa mtwangio, wakachana ile karatasi ya wanawake tisa, wakazitupa kamba zote barabarani. Wanawake walikuja wakaziokota, kila mmoja anatafuta yake, na hakuna aliyeweza kuitambua.

Asubuhi ya pili duka lilikuwa tupu.

Mtaniuliza mimi nilikwenda wapi. Nilirudi nyumbani. Wazee wa ukoo walikaa, wakasema mwanamke amemdanganya mume na mume amevuka mpaka, wakatuambia tusameheane, tukala mbuzi. Mwalimu ndiye aliyenirudishia kile kikoyi, alikiokota dukani. Niliendelea kukivaa. Afande alijua, mimi nilijua anajua, na mkanda uliendelea kila mwisho wa mwezi kwa sababu watu wa nje bado walikuwa na macho. Ilimradi nionekane. Miaka ikaenda hivyo, Masika akakua, akafika darasa la sita. Ana mifupa yangu.

Habari za Fundi zilinifikia kupitia wauza mchele. Yuko Mubuku, walisema, amekodi kipande kwenye ule mradi wa kumwagilia mashamba, analima mpunga. Nikasubiri wiki ambayo Afande ana zamu ya mchana, nikamwacha Masika shuleni, nikapanda gari la asubuhi na mfuko wangu.

Nilimpita mara mbili bila kumjua. Mwanamke mmoja mkavu alikuwa ndani ya tope hadi magotini, anapandikiza miche kwa mkono wa kushoto. Nguo yake imelowa, imeganda mwilini, na mwili haukuwepo. Mabega kama ya mtoto wa shule. Nikamjua kwa vidole vya kulia, vilivyoangalia kila kimoja upande wake.

"Fundi," nikasema, na neno la kukonda likanitoka lenyewe, mimi, mimi niliyepigwa kwa ajili ya neno hilo. "Fundi, umekwisha. Unaumwa?"

Alinyooka, akanitazama mpaka nikaona aibu. "Hata weye," akasema.

"Nisamehe."

"Siumwe. Sijakonda hata kidogo, Mama Masika. Mimi ni huyu huyu tangu zamani. Ile ingine niliacha Bwera, niliitundika kwa musumari."

Sikuelewa mara moja, ama sikutaka. Akatoka kwenye tope, akaketi kwenye ukingo wa mfereji, akanieleza kwa maneno machache. Alikuwa na mume zamani, huko Bugoye. Mume alipenda fimbo. Basi akashona sponji, na hakuishona kwa ajili ya macho ya mtu, aliishona kwa ajili ya fimbo, mgongoni na mbavuni kwanza. Nyonga akaongeza baadaye ili mgongo usishangaze watu. Mume akafa, yeye akaendelea kuvaa, maana alipotoka nayo nje wanaume walimpisha njia. "Walikuwa wanataka godoro," akasema. "Wote wale. Walikuwa wanasifia godoro." Alicheka, akaacha kucheka.

Ndipo nikafungua mfuko. Kikoyi changu kilikuwa kimechakaa, sponji imelala. Nilimwomba anijazie upya.

"Bado uko kwake," akasema. Hakuwa anauliza.

"Na kingine kidogo," nikasema. "Cha kuanzia."

"Cha nani?"

Nilikuwa nimeyapanga maneno tangu kwenye gari, lakini hapo yalinishinda. "Cha Masika. Ameanza kumsimamisha mlangoni."

Fundi hakunipiga, na natamani angenipiga. Alichukua mundu wake, akakichana kikoyi changu mshono kwa mshono, akaitoa sponji na kuitandaza kwenye majani mbele yangu. Ilikuwa ya kahawia kwa jasho. Nyongani bado ilikuwa imesimama. Mgongoni na mbavuni ilikuwa nyembamba kama chapati, imechanika kwa mistari.

"Angalia mahali imelala," akasema. "Hapa hakuna kupima. Hapa ni kupigwa tu, miaka yote." Akapitisha vidole vyake vibovu pale. "Nilifikiri nimekuokoa. Nilikufundisha kukaa. Ungeumia vizuri toka mwanzo, ungekimbia."

"Fundi..."

"Sishone ya mutoto. Hata ungenikata hii mikono."

Akaitupa sponji mferejini. Ilielea, ikaenda mpaka kwenye kilango cha maji, ikakwama pale.

Nilitaka kumtukana. Nilisimama, gauni linanipwaya mwilini, nikaondoka bila kuaga. Nilifika Bwera watoto wakiwa kwenye chakula cha mchana. Sikwenda nyumbani. Niliingia shuleni, nikamwambia mwalimu wa zamu kwamba kuna mgonjwa katika ukoo, nikamtoa Masika na sare yake na daftari moja mkononi, tukavuka barabara tukapanda gari la kwanza lililosimama. Mpaka tumepita Kasese mjini hakuniuliza kitu. Kisha akauliza, "Baba ametuma?" Nikamwambia hapana, nimejituma.

Jua lilikuwa bado juu tulipofika Mubuku. Fundi alikuwa ananawa miguu mferejini. Alimwona Masika akija kwenye ukingo nyuma yangu, akanyanyua uso, akamtazama kuanzia kichwani mpaka miguuni, kama tunavyotazamana sote, na mwanangu akavuta tumbo ndani, akasimama wima kama anavyosimama mlangoni asubuhi.

"Umekula?" Fundi akamuuliza.